Kadi ya Mwenye Kipato Kidogo na Mlango wa Kamari

Watu wengi hudhani kwamba kamari ni habari ya farasi, karata na bahati. Sisi twaona kuwa kamari kwanza ni habari ya malipo. Mwenye kutaka kuielewa kamari ya siku hizi asianze kutazama gurudumu linavyozunguka wala timu gani imefunga. Na atazame fedha zinaingia kwa njia gani, zinatoka kwa njia gani, na ni nani anayelinda mlango. Kwa ajili hiyo leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za vikadi vya benki vilivyotumika Uingereza na Ireland miaka iliyopita, ambavyo vingi havipo tena. Vilitengenezwa ili mtu mwenye kipato kidogo asiingie katika deni. Vikaishia kuwa ufunguo wa mlango ambao waliovitengeneza hawakuufikiria.

Kwanza yafaa tukumbuke ilivyokuwa kabla ya kadi. Huko Uingereza sheria ya mwaka 1845 ilisema kwamba deni la kamari halidaiwi mahakamani. Sheria ya mwaka 1853 ikafunga nyumba za kuwekea dau la fedha taslimu, na ya mwaka 1906 ikakataza kupokea dau barabarani. Ukizisoma sheria hizo juu juu utadhani zilikuwa zikipiga vita kamari. Sivyo. Bwana mwenye mali aliyekuwa na hesabu yake kwa mpokea dau aliweza kupiga simu kutoka sebuleni, akaweka dau kwa mkopo, na hakuvunja sheria yo yote. Lakini mfanyakazi wa kiwandani hakuwa na simu, wala hakuna aliyemwamini kwa mkopo. Yeye alikuwa na shilingi yake mkononi, na shilingi hiyo ndiyo iliyokatazwa. Basi akaipitisha kwa siri kwa matarishi wa dau waliosimama kwenye milango ya viwanda na pembe za vichochoro, nao wakikamatwa walitozwa faini, kisha kesho yake walirudi pale pale. Hali hiyo ilidumu zaidi ya nusu karne. Sheria ya mwaka 1960 ndiyo iliyoigeuza, na tarehe 1 Mei 1961 maduka ya kuwekea dau yakafunguliwa kihalali.

Duka lile lilikuwa na mpaka wake. Mtu aliingia na fedha alizokuwa nazo, zikimwishia alitoka. Kama alitaka kuendelea ilimbidi aende nyumbani au benki, na njiani alipata nafasi ya kufikiri, au ya kukutana na mke wake. Twasema hivi bila ya kuyasifu maduka hayo, maana yalikula mishahara ya watu wengi. Lakini mwendo wa miguu kutoka dukani hadi benki ulikuwa kizuizi, ijapokuwa hakuna mtunga sheria aliyekihesabu hivyo.

Sasa tuje kwenye kadi. Mwaka 1988 benki tatu za Uingereza, Midland, National Westminster na Royal Bank of Scotland, zilianzisha kadi ya debiti iliyoitwa Switch. Kadi ya debiti si kadi ya mkopo, na tofauti yake ndiyo kiini cha habari hii. Mwenye kadi ya mkopo hununua kwa fedha za benki, kisha mwisho wa mwezi hulipa, na asipolipa riba humwandama. Mwenye kadi ya debiti hulipa kwa fedha zake mwenyewe, ambazo hukatwa katika akaunti yake. Kadi ya Switch ilikuwa na tarakimu nyingi usoni, kati ya 16 na 19, na mara nyingi ilikuwa na namba ya toleo, yaani tarakimu moja au mbili zilizoonyesha kuwa hii ni kadi ya ngapi katika akaunti ile. Namba hiyo ya toleo ilikuja kuwasumbua sana wauzaji wa nchi za nje, ambao karatasi zao hazikuwa na nafasi ya kuiandika.

Mwaka 1997 ikatoka ndugu mdogo wa Switch, nayo ikaitwa Solo. Upande wa Visa kulikuwa na kadi ya namna hiyo hiyo iliyoitwa Electron. Kadi hizi mbili zilikuwa na sharti moja: kila mara zilipotumiwa, mashine ya muuzaji ilipaswa kuuliza benki kwanza kama fedha zimo. Kama hazimo, malipo yalikataliwa hapo hapo. Kadi nyingine za wakati ule ziliweza kupitisha malipo madogo bila ya kuuliza, na mtu akajikuta amevuka salio lake na kutozwa faini. Kwa sababu hiyo Solo na Electron walipewa wale ambao benki haikuwaamini: mfanyakazi aliyeanza kazi jana, mgeni aliyehamia nchini, mtu aliyewahi kushindwa kulipa deni, na vijana walio chini ya miaka 18. Huko Ireland kulikuwa na kadi yao wenyewe, Laser, iliyoanza mwaka 1996.

Tuseme kweli: shauri lile lilikuwa jema. Mnyonge alipata chombo cha kulipia bila ya kubeba noti mfukoni, na hakikumruhusu kutumia asichokuwa nacho. Wengi wa wasomaji wetu wangelikipenda chombo cha namna hiyo.

Lakini katika miaka hiyo hiyo kamari ilikuwa ikihama. Kisiwa cha Antigua kilikuwa kimepitisha sheria mwaka 1994 iliyowafungulia mlango wachezeshaji wa kamari wa intaneti. Wapokea dau wakubwa wa Uingereza nao wakaitazama Gibraltar, ambako kodi ilikuwa ndogo. Mmoja wao, Victor Chandler, alihamishia huko biashara yake mwaka 1999, na serikali ya London ikaona mapato yake yanakimbia kwa njia ya simu. Mwezi Oktoba 2001 ikaiondoa kodi aliyokuwa akikatwa mwenye kuweka dau, ikawatoza makampuni asilimia 15 ya faida yao ghafi. Kwa hiyo makampuni yakarudi, kamari ikawa rahisi zaidi, na kilichobaki ni kumpata mteja na namba ya kadi yake.

Hapo ndipo kadi zile ndogo zilipoingia. Tovuti ya kamari haimwoni mtu. Humwona kwa namba. Mteja huandika jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kadi, benki hujibu kwamba fedha zimo, na dau huwekwa. Kwa kadi ya mkopo walau kulikuwa na dalili fulani, kwa kuwa sheria ya Uingereza haimruhusu mtoto kukopa, na kwa hiyo mwenye kadi ya mkopo alikadiriwa kuwa mtu mzima. Kadi ya debiti haikuwa na dalili hiyo. Solo iliweza kuwa ya mzee wa miaka 60 au ya mwanafunzi, na tarakimu zake hazikusema. Benki ilijibu swali moja tu, kama fedha zimo. Swali la pili, kama mwenye fedha ana haki ya kucheza kamari, halikuwa kazi yake, na makampuni mengi ya kamari hayakuona haraka ya kuliuliza.

Jambo hili lilijaribiwa. Mwaka 2004 shirika la watoto la NCH, pamoja na GamCare, ambalo husaidia watu walioharibiwa na kamari, na CitizenCard, ambalo hutoa vitambulisho vya umri, walimwomba msichana wa miaka 16 ajaribu kujiandikisha katika tovuti 37 za kamari kwa kadi yake ya Solo. Alidanganya umri wake, kama mtoto ye yote angelivyofanya. Tovuti 30 zilimkubali. Saba tu ndizo zilizomzuia. Twaomba msomaji alitafakari jambo hili kidogo, maana hapakuwa na wizi ndani yake. Kadi ilikuwa yake, akaunti ilikuwa yake, fedha zilikuwa zake, na benki ilifanya kazi yake sawasawa. Kila fundi alikuwa amejenga ukuta wake vizuri, lakini kati ya kuta hizo palikuwa na pengo ambalo mtoto alipita wima, bila hata ya kuinama.

Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mpya ya kamari mwaka 2005, ikaanza kutumika kikamilifu tarehe 1 Septemba 2007, na Tume ya Kamari ikapewa kazi ya kusimamia. Kutokana na hapo kampuni yenye leseni ililazimika kuthibitisha umri wa mteja. Ila iliachiwa saa 72. Katika saa hizo mteja aliweza kuweka fedha na kucheza, na uchunguzi ukiendelea nyuma yake. Akibainika kuwa ni mtoto alirudishiwa dau lake. Sisi twashangaa kwamba mpango huo ulidumu miaka mingi kiasi kile. Saa 72 ni siku tatu kamili, na kamari ya intaneti hupima mambo yake kwa sekunde. Ruhusa hiyo ilikoma tarehe 7 Mei 2019, na tangu siku hiyo umri huthibitishwa kwanza, ndipo fedha ziingie. Kutoka jaribio la yule msichana hadi siku hiyo ni karibu miaka 15.

Upo upande mwingine ambao wenye kadi za zamani waliufahamu vema kuliko watunga sheria, nao ni upande wa kutoka. Kuingiza fedha kulichukua dakika moja. Kuzitoa kulichukua siku, na kwa baadhi ya kadi hakukuwezekana kabisa. Tovuti nyingi zilipokea amana kwa kadi ya Maestro, lakini hazikuweza kurudisha ushindi katika kadi hiyo hiyo. Mshindi aliambiwa angoje hundi kwa posta, au apeleke karatasi za benki ili alipwe kwa njia nyingine. Wakati alipokuwa akingoja, fedha zake zilibaki zikionekana katika akaunti yake ya kamari, na pembeni yake palikuwa na kitufe cha kuzirudisha mchezoni. Aliyebuni kitufe hicho aliijua tabia ya binadamu. Mtu aliyeshinda Ijumaa na kuomba alipwe, Jumapili usiku alikuwa ameshakibonyeza, na Jumatatu hakuwa na cho chote cha kupokea. Mambo haya si ya kubuni kwa ajili ya kupamba makala. Tume ya Kamari yenyewe ilikuja kukipiga marufuku kitufe hicho, na amri yake ikaanza kutumika tarehe 31 Oktoba 2021.

Kadi zenyewe zilikuwa zinakufa moja baada ya nyingine. Switch iliunganishwa na Maestro kuanzia mwaka 2002 na jina lake likafutika. Solo ilisimamishwa tarehe 31 Machi 2011. Laser ya Ireland ilimalizika tarehe 28 Februari 2014. Maestro nayo, ambayo ilikuwa imezirithi nyingine, ilisimamishwa kutolewa upya katika nchi za Ulaya kuanzia Julai 2023. Mahali pao zikakaa kadi za debiti za Visa na Mastercard za kawaida, zinazopokelewa dunia nzima. Sababu kubwa ilikuwa biashara: kadi za zamani hazikupokelewa katika maduka mengi ya intaneti ya nchi za nje, na benki hazikutaka kuendesha mitambo miwili. Hatuna haja ya kuzililia. Ila tukumbuke kwamba pamoja nazo iliondoka pia ile kawaida ya kadi kumkatalia mwenyewe bila ya kumwonea haya.

Tarehe 14 Aprili 2020 Uingereza ilikataza kucheza kamari kwa kadi ya mkopo. Shirika la mabenki, UK Finance, lilikuwa limekadiria kwamba watu wapatao 800,000 walitumia kadi za mkopo katika kamari, na uchunguzi wa Tume ulionyesha kwamba katika kila watu 100 waliocheza kamari ya intaneti kwa kadi hizo, 22 walihesabiwa kuwa wameshikwa na kamari kiasi cha kudhurika. Amri hiyo ilikuwa ya haki, nasi twaiunga mkono bila ya kusitasita. Angalieni pia jinsi historia ilivyogeuka: tangu 1906 hadi 1961 mkopo wa tajiri ulikuwa halali na fedha taslimu za mfanyakazi haramu, mwaka 2020 mkopo wa kadi ukawa haramu kwa wote, na fedha za mtu mwenyewe zikabaki halali kwa wote. Ireland nayo ilipitisha sheria yake ya kamari mwaka 2024, na ndani yake kadi ya mkopo imekataliwa vile vile.

Lakini je, fedha zilizomo katika kadi ya debiti ni za mtu mwenyewe? Hapa ndipo tunapotofautiana na wale waliosema kwamba kazi imekwisha. Akaunti nyingi za Uingereza huja na ruhusa ya kutoa zaidi ya salio, yaani ovadrafti, na benki hutoza riba kwa fedha hizo kama ilivyo kwa mkopo mwingine. Mfanyakazi ambaye mshahara wake umekwisha tarehe 20 aweza kuweka dau tarehe 21 kwa kadi ya debiti, na fedha zile zikawa za benki tangu senti ya kwanza. Kadhalika aweza kukopa kwa simu, mkopo ukaingia katika akaunti yake, kisha ukatoka kwa kadi ya debiti, na kwa macho ya tovuti hizo ni fedha zake safi. Solo ya zamani ingelikuwa imefunga mlango ovadrafti isipokuwepo. Kadi mpya hufuata ruhusa iliyopewa akaunti, na ruhusa hiyo hutolewa na benki ambayo riba ni pato lake.

Baadhi ya benki zimejaribu kusaidia, na si haki kuzinyamazia. Kila biashara inayopokea kadi hupewa namba ya aina yake, na namba ya kamari ni 7995. Mwezi Juni 2018 benki ya Monzo iliwapa wateja wake njia ya kujizuia: mteja akitaka, kila malipo yenye namba hiyo hukataliwa, na akibadili mawazo hungoja saa 48 kabla ya kizuizi kuondolewa. Barclays ikafuata mwezi Desemba mwaka huo, na nyingine baadaye. Saa 48 hizo ndizo zile hatua za miguu kutoka dukani hadi benki, zimerudi kwa sura nyingine. Ila kizuizi hiki hutegemea namba iandikwe kwa ukweli. Kampuni isiyo na leseni hujiandika kuwa inauza nguo au vitabu, na fedha zikapita. Tena ni lazima mteja mwenyewe akiombe, na mtu aliyezama mara nyingi hukumbuka kamba akiwa ameshafika chini.

Mtu atasema kwamba haya ni ya Ulaya. Na aikumbuke tarehe 13 Julai 2017, siku timu ya Everton ya Uingereza ilipocheza na Gor Mahia ya Kenya katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, na kushinda 2 kwa 1, Wayne Rooney akifunga bao moja. Jina lililokuwa kifuani mwa Everton lilikuwa la SportPesa, kampuni ya kamari iliyoanzia Nairobi, ambayo wateja wake walilipa kwa simu bila ya kuhitaji kadi yo yote. Mwaka 2019 serikali ya Kenya ilipokataa kuendeleza leseni za makampuni 27 ya kamari, haikuhangaika kufuata tovuti moja moja. Iliiagiza Safaricom izime namba za malipo za makampuni hayo. Twaona serikali hiyo ilijua wapi pa kushika, maana kamari isiyopata malipo ni picha tu katika kioo cha simu.

Huko Uingereza mkazo sasa umewekwa katika kuwakagua wateja. Kuanzia tarehe 30 Agosti 2024 kampuni ilipaswa kumchunguza mteja ambaye amana zake, zikitolewa alizorudishiwa, zimepita pauni 500 katika siku 30, na kuanzia tarehe 28 Februari 2025 kiwango hicho kimeshushwa hadi pauni 150. Kinachotafutwa ni kumbukumbu zilizo wazi kwa umma: kama mtu amewahi kutangazwa kuwa amefilisika, au kama mahakama imewahi kumhukumu alipe deni. Mfanyakazi ambaye hajafikishwa mahakamani hupita. Mshahara wake haumo katika kumbukumbu hizo, kodi ya nyumba anayodaiwa haimo, na salio la akaunti yake, lile ambalo Solo ililiuliza kila mara kabla ya kuruhusu hata senti kumi, halimo pia.